Mtoto Mahututi Mlangoni: Mwongozo Kamili wa Saa ya Kwanza kwa Kituo cha Afya na Hospitali ya Wilaya

Watoto wengi wanaofia hospitalini hufa ndani ya saa 24 tangu kufika, na wapo wanaokata roho wangali kwenye foleni ya kadi. Mara nyingi vitu vya kuwaokoa vipo. Oksijeni iko chumba cha pili, dekstrozi (maji ya sukari ya mshipani) iko kabatini, lakini aliyempokea mtoto ameanza kwa kuuliza jina, kijiji na homa ilianza lini.

Mwongozo huu ni wa muuguzi, tabibu na daktari wa zamu mahali ambapo hakuna wodi ya wagonjwa mahututi wala mashine ya kupumulia. Unafuata mpangilio wa ETAT, mafunzo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya kuwachambua na kuwatibu watoto wenye dharura, ambayo Kenya iliyapanua na kuyaita ETAT+. Kama mwongozo wa taifa lako una kipimo kinachotofautiana kidogo, fuata wa taifa. Mpangilio wenyewe haubadiliki: njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu, fahamu na degedege, kisha upungufu wa maji. Hatua moja ikiwa haijakaa sawa, usivuke kwenda inayofuata. Historia ya ugonjwa ataichukua mwenzako kwa mama hapo pembeni, wewe mikono yako iko kwa mtoto.

Kazi inaanzia kwenye foleni

Hospitali ya Queen Elizabeth Central mjini Blantyre, Malawi, ilipanga upya namna ya kuwapokea watoto. Vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa kati ya asilimia 10 na 18, vikashuka hadi asilimia 6 mpaka 8. Elizabeth Molyneux na wenzake walichapisha matokeo hayo mwaka 2006. Kiini cha kazi yao kilikuwa kumtafuta mtoto mgonjwa sana kabla ya wengine, kumtibu pale pale, na kuzifanya idara ya wagonjwa wa nje na wodi zifanye kazi pamoja.

Kumchambua mtoto mmoja huchukua nusu dakika. Pita kwenye benchi, mwangalie, msikilize, mguse mkono. Unatafuta dalili hizi: hapumui au anapumua kwa taabu kubwa, ulimi umekuwa wa bluu, mikono ni ya baridi na mapigo ni hafifu, hana fahamu, ana degedege wakati huo huo, au anaharisha na amelegea, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi. Dalili moja tu inatosha. Mtoto aende chumba cha dharura sasa hivi, kadi na malipo vitafuata.

Kundi la pili halihitaji kukimbizwa, ila lisikae nyuma ya foleni: mtoto wa chini ya miezi 2, mwenye joto kali sana, mwenye viganja vyeupe, aliyekunywa sumu, aliyeumia au kuungua vibaya, mwenye maumivu makali, anayehema, aliyelegea au anayelia bila kutulizika, aliyekuja na barua ya rufaa ya haraka, aliyekonda sana au aliyevimba miguu yote miwili. Wengine wote wasubiri zamu yao.

Mlinzi wa getini na karani wa mapokezi humwona mtoto kabla ya mtu yeyote mwenye koti jeupe. Wafundishe dalili zile za kwanza, na uwape ruhusa ya kumbeba mtoto na kupiga kelele. Kituo ambacho mlinzi anaogopa kuruka foleni kimejifungia mlango chenyewe.

Kona ya dharura kabla mtoto hajafika

Vifaa viwe mahali pamoja, vikaguliwe kila zamu inapobadilishana. Mfuko wa kupulizia hewa, ule tunaouita ambu, ujaribiwe kwa mkono: ziba tundu la kutokea hewa kwa kiganja, kamua. Mfuko ukilegea bila upinzani, valvu imekufa au imefungwa vibaya baada ya kuoshwa. Hili la pili hutokea sana, na huonekana mtoto akiwa tayari kitandani. Uwepo mfuko wa watoto wa takriban ml 500 na wa wachanga wa takriban ml 250, pamoja na barakoa za saizi tofauti. Mashine ya oksijeni iwe imeunganishwa kwenye umeme, na mtungi wenye gesi uwe kando yake kwa ajili ya siku ya kukatika umeme.

Dozi zote za watoto hutegemea uzito, na mtoto anayetapatapa hawekwi kwenye mizani. Kwa mtoto wa miaka 1 hadi 10, chukua umri, ongeza 4, zidisha kwa 2. Wa miaka 3 ni kilo 14. Ukiona kwa macho kwamba amekonda, punguza, maana hesabu hii inamchukulia mtoto mwenye afya. Kisha fanya jambo ambalo naliona lina faida kuliko semina nyingi: bandika ukutani karatasi ya dozi zilizokwisha kukokotolewa kwa kila uzito. Saa 8 usiku hakuna mtu anayezidisha desimali vizuri. Kwa kilo 14 karatasi ingesomeka hivi:

- Dekstrozi ya asilimia 10, ml 5 kwa kilo: ml 70
- Diazepamu (dawa ya degedege) ya njia ya haja kubwa, mg 0.5 kwa kilo: mg 7, yaani ml 1.4 za ampuli ya mg 10 kwa ml 2
- Adrenalini ya 1 kwa 10,000, ml 0.1 kwa kilo: ml 1.4
- Maji ya mshipani kwa shoku (mzunguko wa damu kuzidiwa) isiyo ya kuhara, ml 10 hadi 20 kwa kilo: ml 140 hadi 280, kwa dakika 30 hadi 60
- Damu kamili, ml 20 kwa kilo: ml 280, kwa saa 3 hadi 4
- Artesuneti (dawa ya malaria kali), mg 3 kwa kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20: mg 42

Adrenalini ya ampuli ni 1 kwa 1,000. Chukua ml 1 yake, ongeza ml 9 za maji ya chumvi, ndipo upate ile ya 1 kwa 10,000. Andika kwenye bomba la sindano ulichochanganya.

Njia ya hewa

Ita usaidizi kwanza, kwa sauti, bila aibu. Mwite mtoto, mtikise bega kidogo. Mtoto anayelia au kuongea njia yake ya hewa iko wazi. Asiyeitika ndiye wa kufanyiwa kazi.

Mlaze chali. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja ana kisogo kikubwa, hivyo akilazwa bapa kidevu huanguka kifuani na koo hujikunja. Kunja kanga ya mama, iweke chini ya mabega, pua itazame juu dari moja kwa moja. Mkubwa zaidi inamishe kichwa chake nyuma kidogo, kidevu kiinuke. Ukimkunja shingo nyuma kupita kiasi unaziba tena. Aliyegongwa na pikipiki au kuanguka kutoka kwenye mwembe usimsogeze shingo: weka vidole nyuma ya pembe za taya, isukume taya mbele.

Fungua mdomo uangalie. Nyonya makamasi na matapishi unayoyaona tu. Usichokoe koo kwa kidole usichokiona kinagusa nini, kwani punje ya mahindi iliyokuwa juu unaweza kuisukuma chini. Kama mtoto hana fahamu kabisa na hakohoi ukigusa koo, weka mpira wa Guedel, kile kifaa kilichopinda kinachozuia ulimi usizibe koo. Saizi yake ipime nje, kutoka meno ya mbele katikati hadi pembe ya taya. Akijaribu kuutapika, utoe.

Aliyepaliwa na kitu na hawezi kukohoa, kulia wala kuvuta hewa ana utaratibu wake. Wa chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kiwiliwili, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Mgeuze, sukuma kidari mara 5 kwa vidole viwili. Angalia mdomoni, rudia. Mkubwa zaidi mpige mgongoni mara 5, kisha simama nyuma yake, mzungushie mikono, vuta tumbo juu na ndani mara 5. Akipoteza fahamu mlaze, anza kumpulizia na kukandamiza kifua.

Pumzi

Weka sikio karibu na pua yake, macho yakitazama kifua, kwa muda usiozidi sekunde 10. Kupumua kwa kudakia mara moja moja, kama samaki aliyetolewa majini, usikuhesabu kuwa ni kupumua.

Kama anapumua lakini kwa taabu (kifua kinabonyea ndani, pua zinatanuka, anaguna kila anapotoa hewa, kichwa kinanesa kwa kila pumzi), mpe oksijeni. Mirija ya puani inatosha kwa walio wengi: nusu lita hadi lita 1 kwa dakika kwa mchanga, lita 1 hadi 2 kwa mkubwa zaidi. Mwache kwenye mapaja ya mama kama ndipo anapotulia. Mtoto anayepigania pumzi akilazwa chali kwa nguvu huzidiwa. Aliye katika hali mbaya sana mpe kwa barakoa yenye mfuko wa akiba, lita 10 hadi 15 kwa dakika, halafu umpunguzie akitulia.

Oksimita, kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, isipofika asilimia 90, oksijeni ni lazima. Mwenye dalili ya dharura, lenga 94 na kuendelea. Chombo hiki hudanganywa na vidole vya baridi, rangi ya kucha na hina nyeusi, na mara nyingine husoma juu kuliko ukweli kwa ngozi nyeusi. Ukiona 93 na mtoto anaguna, mwamini mtoto.

Asiyepumua anahitaji ambu, na hapa ndipo penye ujuzi wenyewe. Barakoa ifunike mdomo na pua bila kugusa macho wala kuvuka kidevu. Kidole gumba na cha shahada viishike barakoa juu, vidole vitatu vilivyobaki viinue taya kuelekea kwenye barakoa. Kosa la kawaida ni kuikandamiza barakoa usoni, na taya linarudi nyuma kuziba koo. Toa pumzi 5 za kwanza taratibu, kila moja uone kifua kinainuka. Kamua kiasi cha kuinua kifua basi. Anayekamua mfuko wote anajaza tumbo, na tumbo likijaa mtoto hutapika na matapishi huingia mapafuni.

Kifua hakiinuki? Usiongeze nguvu. Rekebisha kichwa, kisha muhuri wa barakoa, kisha angalia mdomoni, kisha weka Guedel. Bado? Mtu mmoja ashike barakoa kwa mikono miwili, mwingine akamue. Karibu kila mara tatizo liko kati ya hayo. Kikiinuka, endelea na pumzi 20 hadi 30 kwa dakika huku mwingine akitafuta mapigo. Unganisha oksijeni kwenye ambu ikipatikana, lakini usiisubiri. Hewa ya kawaida inayofika mapafuni ni bora kuliko oksijeni inayotafutiwa spana ya mtungi.

Mchanga aliyezaliwa sasa hivi bila kulia ana njia fupi zaidi: mkaushe, msugue mgongo, mfunike, na kama hapumui aanze kupuliziwa kabla ya dakika moja kwisha tangu azaliwe. Wengi wao hawahitaji kitu kingine zaidi ya hewa.

Moyo ukisimama

Moyo wa mtu mzima huweza kusimama ghafla wenyewe. Wa mtoto kwa kawaida husimama mwishoni, baada ya kukosa hewa au damu kwa muda. Ndiyo maana kwa mtoto hatuanzi na kifua tukaacha pumzi, na ndiyo maana akifikia hapa nafasi ya kumrudisha ni ndogo.

Baada ya pumzi 5, tafuta mapigo kwa sekunde zisizozidi 10: kwa mdogo, ndani ya mkono wa juu. Kwa mkubwa, shingoni au kwenye kinena. Hakuna mapigo, au yako chini ya 60 kwa dakika na mtoto amepauka na hana fahamu, anza kukandamiza. Mahali ni nusu ya chini ya kidari. Kina ni theluthi moja ya unene wa kifua, kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kifua kiachwe kirudi chote kabla ya kukandamiza tena. Mdogo mzungushie mikono miwili, vidole gumba viwili vikandamize. Mkubwa tumia kitako cha kiganja. Mkiwa wawili, mikandamizo 15 kwa pumzi 2 (kwa mchanga aliyezaliwa sasa hivi ni 3 kwa 1). Ahesabuye ahesabu kwa sauti.

Adrenalini hutolewa kila dakika 3 hadi 5, mshipani au kwenye mfupa, na kusukumwa na maji ya chumvi kidogo. Kila dakika 2 badilishaneni mkandamizaji, kwa sababu mikono huchoka kabla mwenyewe hajajua. Wakati huo jiulizeni kilichomwangusha: sukari imeshuka? ameishiwa damu? njia ya hewa imeziba tena? Sukari haijapimwa, ipimwe sasa. Uamuzi wa kuacha ni wa mwenye cheo cha juu aliyepo, baada ya kusikia maoni ya wenzake, na saa iandikwe.

Mzunguko wa damu, na dripu inayoua

Sehemu hii isome polepole, hata kama zilizotangulia unazijua kwa moyo.

Shoku kwa kipimo cha WHO ni mambo matatu kwa pamoja: mikono ya baridi, damu inayochelewa kurudi zaidi ya sekunde 3 baada ya kuminya ukucha, na mapigo hafifu yenye kasi. Mambo mawili tu hayatoshi. Mtoto mwenye homa kali mara nyingi ana mikono ya baridi, na huyo hana shoku.

Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa na dalili za shoku amwagiwe maji haraka. Mafunzo hayo yalitoka kwenye nchi zenye wodi za mahututi na mashine za kupumulia. Kisha ukaja utafiti wa FEAST, ulioongozwa na mtafiti Kathryn Maitland wa Kilifi, Kenya, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo ya Teule kule Muheza. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu walipangwa kwa bahati nasibu: wengine wapewe maji ya chumvi haraka, wengine albumini (maji yenye protini ya damu) haraka, wengine wasimwagiwe kitu, wapewe maji ya kawaida ya siku tu. Zaidi ya nusu walikuwa na malaria. Mapema mwaka 2011 utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati. Ndani ya saa 48, katika makundi mawili yaliyomwagiwa maji walikufa asilimia 10.6 na 10.5. Katika kundi lisilomwagiwa walikufa asilimia 7.3.

Wengi hudhani waliozidi kufa walijaa maji mapafuni. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa vifo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mishipa kuelemewa baada ya nafuu ya mwanzo. Yaani mtoto alionekana anapata ahueni, mikono ikapata joto, kisha baada ya saa kadhaa akaanguka. Ndiyo sababu uzoefu wa kitandani ulitudanganya kwa muda mrefu: tulikuwa tunaona nafuu, na kifo tukakiandika kuwa cha malaria.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua kidude cha dripu, mweke mtoto katika moja ya mafungu haya.

Anayeharisha na amekauka ni tofauti kabisa na watoto wa FEAST, maana wenye kuhara hawakuingizwa katika utafiti ule. Huyu amepoteza maji na anayahitaji haraka. Tumia Ringa (maji ya mshipani yenye chumvi mchanganyiko), ikikosekana maji ya chumvi, kamwe si dekstrozi ya asilimia 5 peke yake. Jumla ni ml 100 kwa kilo. Wa mwaka mmoja na zaidi: ml 30 kwa kilo ndani ya nusu saa, kisha ml 70 kwa kilo ndani ya saa 2 na nusu. Wa chini ya mwaka: fungu la kwanza kwa saa 1, la pili kwa saa 5. Mtoto wetu wa kilo 14 atapata ml 420, kisha ml 980. Baada ya fungu la kwanza shika mapigo, na kama bado ni hafifu, lirudie. Akiweza kunywa tu, aanze ORS, ml 5 kwa kilo kila saa, hata dripu ikiwa inaendelea. Mshipa ukikataa, pitisha ORS kwa mpira wa puani, ml 20 kwa kilo kila saa kwa saa 6.

Mwenye shoku kamili isiyo ya kuhara, ambaye hana utapiamlo mkali wala upungufu mkubwa wa damu, mpe ml 10 hadi 20 kwa kilo kwa dakika 30 mpaka 60, ukikaa naye. Kuhema kukiongezeka, mapigo yakizidi kasi au ini likivimba, funga dripu.

Mwenye utapiamlo mkali moyo wake ni dhaifu. Akiwa na shoku na amepoteza fahamu au amelegea kabisa, mpe ml 15 kwa kilo kwa saa nzima, ya Ringa yenye dekstrozi ya asilimia 5, na umpime kila dakika 10. Asiyekuwa na shoku apewe kwa mdomo au mpira wa puani, basi.

Mwenye viganja vyeupe kama karatasi anataka damu. Hemoglobini chini ya 4 g/dL, au 4 hadi 6 huku anahema au amepoteza fahamu, aanze kutafutiwa damu dakika hiyo hiyo. Kumjaza maji ya chumvi ni kuizimua ile kidogo iliyobaki.

Asiyetimiza mambo matatu ya shoku na asiyeweza kunywa apewe maji ya siku tu: ml 4 kwa kilo kila saa kwa kilo 10 za kwanza, ml 2 kwa kilo zinazofuata hadi 20. Kilo 14 ni ml 48 kwa saa. Chupa ya ml 500 usiiache ikining'inia wazi kwa mtoto. Chota kwa bomba la ml 50 na usukume kwa hesabu, au tumia chumba cha kupimia maji. Mama akiona dripu imesimama huifungua mwenyewe kwa nia njema.

Mshipa usipopatikana baada ya majaribio 2 au 3, usiendelee kumchoma. Ingiza sindano kwenye mfupa wa muundi, upande wa ndani ulio bapa, upana wa kidole chini ya kinundu kilicho chini ya goti, kwa kuizungusha mpaka uhisi inateleza ndani. Kila kinachopita mshipani hupita hapo, damu ikiwemo. Wengi huogopa kuifanya. Fanyeni mazoezi kwenye mfupa wa paja la kuku, mtazoea.

Fahamu, degedege na sukari

Pima fahamu kwa ngazi nne: yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu, haitikii kitu. Aliye kwenye mbili za mwisho mlaze ubavu, na pima sukari kabla ya kufikiria chochote kingine.

Sukari chini ya 2.5 mmol/L, au chini ya 3 kwa mwenye utapiamlo mkali, ni dharura. Mpe dekstrozi ya asilimia 10, ml 5 kwa kilo. Iliyopo kabatini mara nyingi ni ya asilimia 50: chukua ml 10 zake, ongeza ml 40 za maji ya sindano, umepata ml 50 za asilimia 10. Hakuna glukomita, yaani kipima sukari? Mchukulie kuwa imeshuka, mpe. Hakuna mshipa? Kijiko kimoja cha chai cha sukari kilicholoweshwa kwa matone ya maji, weka chini ya ulimi, rudia kila dakika 20. Pima tena baada ya nusu saa, kwa sababu hushuka tena, hasa kwa mwenye malaria kali.

Degedege likizidi dakika 5, au mtoto amefika nalo, toa diazepamu. Njia ya haja kubwa ni ya haraka: bomba lisilo na sindano au kipande cha mpira laini, sentimita 4 hadi 5 ndani, kisha bana makalio kwa dakika chache. Mshipani ni mg 0.25 kwa kilo, polepole kwa dakika 1. Kama halijakoma baada ya dakika 10, rudia mara moja. Dozi ya tatu usiitoe, itamzimisha pumzi. Hapo nenda kwenye fenobabito, dawa nyingine ya degedege, mg 15 hadi 20 kwa kilo, polepole, na ambu iwe mkononi. Mchanga wa chini ya mwezi mmoja asipewe diazepamu, aanzie fenobabito mg 20 kwa kilo. Usiweke kijiko kati ya meno.

Huku pwani na bara wapo wazazi wanaoamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, na mtoto huletwa baada ya mganga kushindwa, akinuka dawa za kufukiza. Usimgombeze mama. Akiona mtoto ametulia baada ya dawa iliyopita njia ya haja kubwa, atakubali kanula (mpira mdogo wa mshipani) bila ubishi. Muulize tu, kwa upole, amenyweshwa nini, kwa sababu hilo lina maana kwa tiba. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa naye asitapishwe.

Baada ya pumzi na mapigo kutulia

Sasa ndipo tafuta chanzo. Kipimo cha malaria kikionyesha chanya kwa mtoto mahututi, artesuneti mshipani saa ya kwanza, ya 12 na ya 24. Utafiti wa AQUAMAT wa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 wa Afrika, ulionyesha inapunguza vifo kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini. Kiuavijasumu kisisubiri maabara kwa mtoto asiye na fahamu. Kikiwa seftriaksoni, usiipitishe kwenye mpira mmoja na Ringa, zinaganda pamoja. Ahirisha kuchoma uti wa mgongo kwa ajili ya kipimo mpaka mtoto awe thabiti.

Rudia vipimo vyote kila dakika 15 mpaka atulie, uviandike kwa saa. Karatasi isiyo na saa haimsaidii anayekupokea zamu.

Mama awepo chumbani, na mtu mmoja, hata kama ni mhudumu, apewe kazi ya kusimama naye. Mwambie kwa maneno mepesi: "Mama, mtoto hapumui vizuri, tunampa hewa, dada huyu atakaa na wewe." Asisukumwe nje akasikiliza kelele kupitia mlangoni. Mtoto akifariki, aliyeongoza kazi ndiye azungumze naye, akiwa ameketi, amtaje mtoto kwa jina, aseme "amefariki" bila kuzunguka.

Rufaa

Zahanati isiyo na artesuneti ya sindano impe mtoto wa chini ya miaka 6 mwenye dalili za malaria kali artesuneti ya njia ya haja kubwa, mg 10 kwa kilo, kisha aondoke. Kituo chenye uwezo zaidi kimtulize kwanza: njia ya hewa iko wazi, oksijeni imeunganishwa, degedege limekoma, sukari imepimwa, kanula imefungwa vizuri na bandeji. Piga simu unakompeleka, zungumza na mtu wa zamu, chukua jina lake.

Anayesindikiza awe anayejua kutumia ambu, na ambu iwe mapajani mwake, isifungiwe kwenye sanduku nyuma ya gari. Barua ibebe uzito, dozi na saa ya kila dawa, kiasi cha maji yaliyoingia, na sukari ya mwisho. Kisha piga hesabu ya oksijeni kabla dereva hajawasha gari. Mtungi mdogo uliojaa wenye lita 340, kwa mtoto anayetumia lita 2 kwa dakika, utadumu dakika 170. Ukiwa nusu, ni 85. Njia ikichukua saa 2 wakati wa masika, mtungi ule wa nusu utaisha mkiwa barabarani, kwa hiyo beba wa pili, na spana yake.